Nimeshindwa kumjibu, je ina maana yuko sahihi?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mi nasoma chuo mwaka wa pili, uhasibu, falsafa sijawahi kusoma hata siku moja. Kuna jamaa nakaa naye chumba kimoja hosteli, anapenda sana mambo ya kufikiri. Kuna siku aliniuliza utathibitishaje kwamba sasa hivi hauoti? Nikacheka, lakini kila nilichomjibu alikipangua. Baadae akaja na nyingine, utajuaje watu wengine wana akili na hisia kama wewe, labda upo wewe peke yako na sisi wote ni picha tu. Nimetafuta jibu miezi 3 sipati, na usiku silali vizuri. Juzi mama kanipigia kutoka kijijini ananiambia mbuzi kazaa mapacha ila mmoja dhaifu, mi namsikiliza huku nawaza, hii sauti ina mtu ndani kweli? Nilikata simu nikalia. Jamaa anasema kama hoja haipingiki basi ni kweli, nikubali tu yaishe. Je yuko sahihi? Na kama kuna maswali hayana majibu kabisa, mtu anaishi nayo vipi?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hoja ya jamaa yako naijua, nimeifundisha darasani miaka mingi na kila mwaka kuna mwanafunzi mmoja au wawili wanabaki wamekaa baada ya wenzao kutoka, wanatazama meza. Kilichonishika kwenye meseji yako ni pale ulipokata simu ukalia. Kwa hiyo ntakujibu kuhusu hoja, kwa kirefu, maana umeuliza kwa dhati na unastahili jibu la dhati, halafu mwishoni ntakuambia kuhusu huko kulia na kutolala, na hiyo sehemu naomba usiiruke hata kama ya juu imekuchosha.

Kama nimekuelewa, kinachokutesa kinaenda hivi: nimeshindwa kuipinga, kitu kisichopingika ni kweli, kwa hiyo mama yangu labda hayupo. Hatua ya kwanza ni sahihi, umeshindwa kuipinga, na nikuambie ukweli hata mimi siwezi kuipinga kwa namna jamaa anavyotaka, na watu wenye akili kunizidi mara mia wameshindwa. Tatizo liko hatua ya pili. Hiyo sio kweli, na tunaweza kuona kwamba sio kweli kwa kutumia hoja yake yeye mwenyewe.

Anasema labda upo wewe peke yako, wengine wote ni picha. Sawa. Sasa mpe na yeye aiseme kwa upande wake: labda yupo yeye peke yake na wewe ndio picha. Unaweza kuipinga hiyo? Huwezi, ni ileile neno kwa neno, nguvu yake ni ileile. Sasa kama kila kisichopingika ni kweli, basi ni kweli kwamba upo wewe tu, na ni kweli pia kwamba yupo yeye tu. Mbili kwa pamoja haziwezekani, ukiikubali moja umeikataa nyingine. Kwa hiyo kanuni yake ya "haipingiki basi kubali" imevunjika yenyewe hapo hapo chumbani kwenu, kabla hata hatujagusa mambo ya ndoto. Hoja inaweza kukosa mpinzani na ikawa uongo, na inaweza kukosa mpinzani na ikawa kweli, yaani kutopingika peke yake hakukuambii chochote kuhusu ukweli wake.

Russell, yule mwanafalsafa Mwingereza, alisimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1948 kwamba aliwahi kupokea barua kutoka kwa Christine Ladd-Franklin, mwanamke Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mantiki, akimwambia kwamba yeye ni muumini wa hiyo fikra ya kwamba nipo mimi peke yangu, na anashangaa mbona hakuna wengine wanaoiamini. Wengi wakisikia hiyo wanacheka. Mimi huwa nawaambia wanafunzi waiangalie hiyo barua kama barua, mtu kakaa chini, kachukua karatasi, kaandika jina la mtu mwingine juu, kaipeleka posta. Mikono yake ilikuwa inajua kitu ambacho hoja yake inakikataa. Na jamaa yako je? Anakubishia wewe. Anataka wewe ukubali. Picha haihitaji kukubali.

Najua atakachosema, atasema hiyo inaonyesha tu kwamba tunaishi kana kwamba wengine wapo, haithibitishi kwamba wapo. Na yuko sahihi hapo. Twende taratibu.

Tuangalie ile ya ndoto inavyofanya kazi, maana nina uhakika mazungumzo yenu yalikuwa hivi. Utathibitishaje hauoti? Ukasema najifinya inauma. Akasema unaweza kuota umejifinya ukaumia. Ukasema ndoto huwa hazina mpangilio, hapa kila kitu kimenyooka. Akasema ndani ya ndoto pia huwa unaona kila kitu kimenyooka. Ukasema basi muulize fulani. Akasema fulani nae yumo ndotoni. Umeona alichokuwa anafanya? Kila ulicholeta alikichukua akakiweka ndani ya ndoto. Hakuna siku ungeleta kitu akasema "ahaa, hiki sasa kinanishinda". Ameijenga ile hoja kwa namna ambayo kila jibu, lolote lile, linageuka kuwa chakula chake.

Nilipokuwa kijana nimepanga uswahilini, chumba cha pili kulikuwa na mke na mume, na yule mume alikuwa na wivu wa ajabu. Ukuta ulikuwa mwembamba kwa hiyo tulisikia kila kitu hata kama hutaki. Mke akichelewa, ulikuwa na mwanaume. Akiwahi, umewahi ili nisijue. Siku moja alichukua simu ya mke akaikagua yote, hakukuta kitu, tukasikia anasema kwa sauti ya chini kabisa, "umefuta." Yule mama akanyamaza. Akasema, "unaona, unanyamaza." Akaanza kulia kwamba hajafanya kitu, akaambiwa mwenye hatia ndio hulia. Mi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nimeshika kikombe cha chai nikaelewa kwamba yule mwanamke hana jibu. Hakuna neno lolote kwenye Kiswahili ambalo angelisema likamsaidia. Na je, kwa kuwa hana jibu, mume alikuwa sahihi? Hata kidogo. Ile shutuma ilikuwa haipingiki kwa sababu ilikuwa haimwangalii mke kabisa, mke angekuwa malaika au angekuwa kweli na mtu, maneno ya mume yangekuwa yaleyale.

Hicho ndicho kipimo naomba ushike. Hoja yoyote ukiletewa jiulize, kama ingekuwa uongo, kitu gani kingeonekana tofauti? Ukikuta hakuna, basi hiyo hoja haikupi habari yoyote kuhusu dunia, wala kuhusu mama yako. Karl Popper, mwanafalsafa mzaliwa wa Vienna, alilisema hili kuhusu sayansi, kwamba nadharia ambayo hakuna tukio lolote linaloweza kuiangusha haijapata sifa kwa hilo, imepata kasoro. Ila hapa niwe mkweli nawe, Popper alikuwa anatenganisha sayansi na isiyo sayansi, hakusema kila kisichopimika ni uongo, watu wanamnukuu vibaya sana kwenye hili. Kwa hiyo mi sijakuambia hoja ya jamaa ni uongo kwa sababu haipimiki. Nimekuambia haina uzito wa kukufanya uamini. Ni vitu viwili tofauti na unahitaji hicho cha pili tu.

Sasa kuna kitu kingine kilipita kimyakimya katikati ya mazungumzo yenu. Neno "thibitisha". Wewe unasoma uhasibu, kwa hiyo hili utalishika kuliko wengine. Mkaguzi anakuja anataka risiti ya matumizi. Unampa. Anasema hii risiti nitajuaje sio feki, lete risiti ya risiti. Unaleta barua ya muuzaji. Anataka uthibitisho wa barua. Unamleta muuzaji mwenyewe, anataka uthibitisho kwamba huyo ndio muuzaji. Hakuna kampuni duniani ingepita ukaguzi huo, sio kwa sababu zote zimeiba, ni kwa sababu huyo mkaguzi hajaweka mahali pa kusimama. Ukaguzi wowote una vitu vinavyokubalika kama mwanzo, halafu vingine vinapimwa kwa hivyo. Jamaa alipokuambia thibitisha, ulidhani anamaanisha thibitisha kama tunavyothibitisha mahesabu au ugonjwa au umri wa mtu, kumbe alikuwa anataka uthibitisho usiosimama juu ya kitu chochote. Huo haupo. Haupo hata kwa yeye, hawezi kuthibitisha kwa kipimo hicho kwamba anaongea Kiswahili.

Na usidhani hili limegunduliwa Ulaya juzi. Imamu Ghazali, ambaye jina lake mtoto yeyote aliyepita madrasa huku pwani analijua, aliyefariki mwaka 1111, alipitia hicho hicho unachopitia wewe na akakiandika. Alianza na macho, akasema unatazama kivuli unakiona kimesimama, baada ya saa moja unagundua kilikuwa kinatembea muda wote, unatazama nyota unaiona ndogo kama dinari, halafu hesabu za nyota zinakuambia ni kubwa kuliko dunia. Kwa hiyo macho yanadanganya. Akakimbilia akili, akajiuliza, je kama nyuma ya akili kuna hakimu mwingine ambaye akija ataonyesha akili nayo inadanganya, kama akili ilivyoonyesha kwa macho? Na hapo nafsi yake ikamletea ndoto, ikamwambia si unaona ukilala unaamini mambo, ukiamka unakuta hayana msingi. Ghazali akajaribu kujitibu kwa hoja akashindwa, na sababu aliyoitoa ni ileile ya mkaguzi, kwamba huwezi kutunga uthibitisho bila kuanza na maarifa ya mwanzo, na hayo ya mwanzo ndio yaliyokuwa yametiwa shaka. Alikaa hivyo karibu miezi 2. Na neno alilolitumia kwa hali hiyo ni ugonjwa. Alipopona alisema hakupona kwa kupanga hoja vizuri, alipona kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Wewe unaweza kuwa na imani hiyo au nyingine, mi hapa nakuonyesha jambo moja tu, kwamba mmoja wa watu wenye akili kali kuliko wote waliowahi kuandika aliona wazi kwamba mlango wa kutokea haupo upande wa hoja, na hakuona aibu kulisema.

Karne nyingi baadae, 1641, Descartes wa Ufaransa alikaa karibu na moto amevaa joho la nyumbani, ana karatasi mkononi, akajiuliza swali lile lile la jamaa yako, nitajuaje sioti, akaongeza na shetani mwenye nguvu anayemdanganya kila kitu. Yeye aliamini ametoka salama kwa kuanza na "nafikiri, kwa hiyo nipo" halafu kumthibitisha Mungu asiyedanganya. Wengi waliomsoma, na mimi nikiwemo, tunaona aliingia vizuri kuliko alivyotoka.

Anayenisaidia mimi zaidi ni David Hume wa Scotland. Mwaka 1748 alipokuwa anazungumzia hoja za Berkeley, yule askofu aliyesema vitu vipo tu kwa kuwa vinaonwa, aliandika kwamba hoja hizo hazina jibu na wala hazimshawishi mtu. Isome tena hiyo taratibu, hazina jibu, na hazishawishi, vyote viwili kwa pamoja. Sisi tumezoea kudhani hivyo viwili vinaenda kinyume, kwamba ukikosa jibu lazima ushawishike, na ukikataa kushawishika bila jibu wewe ni mbishi. Hume aliona kwamba binadamu hajaumbwa hivyo. Kuamini kwamba kuna dunia na kuna watu hakukuja kwako kwa hoja, kwa hiyo hakuwezi kuondoka kwa hoja, kama vile kupumua hukuanza baada ya kusoma faida zake. Na ndio maana hata wewe, mdogo wangu, baada ya miezi 3 ya kushindwa, bado ulilia. Mtu halii kwa sababu ya picha. Ulilia kwa sababu ulijua umemkatia simu mama.

Sasa majibu yaliyopo. Ntakupa yale mawili ninayoyaona ya maana, na ntakuambia kila moja linapoishia.

La kwanza ni la G. E. Moore, Mwingereza, alitoa mhadhara 1939 akanyanyua mikono yake, akasema huu hapa mkono mmoja, na huu hapa mwingine, kwa hiyo vitu vya nje vipo. Wanafunzi wangu huwa wanaona kama anadanganya. Lakini hebu ipime kama mhasibu, una hesabu mbili hazikubaliani, upande mmoja "huu ni mkono wangu", upande wa pili hoja ndefu yenye vipengele vitano inayoishia "hujui kama una mkono". Lazima kuna kosa upande mmoja. Una uhakika zaidi na upi? Mimi nina uhakika zaidi na mkono kuliko na kipengele chochote kati ya vile vitano, kwa hiyo ni busara kusema kosa liko huko kwenye hoja hata kama bado sijaliona. Hiyo ni halali kabisa na watu tunafanya kila siku, ukipiga hesabu ukapata kwamba una miaka 140 hutaenda kuchukua pensheni, utasema nimekosea sehemu. Inapoishia ni hapa: haikuonyeshi kosa liko wapi. Inakupa haki ya kubaki na mkono wako, haikupi raha ya kumwona jamaa ameshindwa.

La pili ni la Wittgenstein, mwanafalsafa mzaliwa wa Austria, ambaye miezi yake ya mwisho kabla hajafa 1951 alikuwa anaandika juu ya huo huo mhadhara wa Moore. Alisema shaka nayo inahitaji mahali pa kuegemea, kama mlango, ukitaka ufunguke na kufungwa lazima bawaba zitulie. Ukitilia shaka mpaka bawaba, mlango unadondoka, huna tena shaka, huna kitu. Na kuhusu watu wengine alikuwa ameshaandika kitu ambacho nakipenda sana, kwamba kumchukulia mwenzangu kama mtu mwenye roho sio maoni niliyonayo kuhusu yeye. Yaani sio kwamba nimekaa nikapima nikafikia hitimisho kwamba ana roho. Ndivyo ninavyosimama mbele yake tu.

Hili nikuletee karibu na wewe. Neno "inauma" umelitoa wapi? Ulikuwa mdogo, ulidondoka, goti likachubuka, ukawa unapiga kelele huna jina la hicho kinachokupata. Akaja mtu akainama, akapuliza lile goti, akasema pole, inauma eeh? Hapo ndio ulipopewa neno. Kabla ya yeye kuona maumivu yako na kuyaita jina, hukuwa na "maumivu yangu" ya kuzungumzia, ulikuwa na kelele tu. Sasa leo unakaa hosteli unajiuliza "nitajuaje mama ana hisia kama zangu", na kila neno la swali hilo, hisia, kujua, zangu, ulipewa na yeye na wenzake. Umechukua kanga aliyokubebea mgongoni unataka kuitumia kupima kama aliwahi kuwepo. Mi naona hilo swali linakata tawi linalolikalia.

Na hili nalo, niwe mkweli, halimfungi mdomo mtu aliyeamua. Atasema labda unaota tu kwamba ulijifunza lugha. Atarudi kulekule, na utakuwa umemuona sasa, ni yule mume na simu. Umefuta. Ukifika hapo huna deni la kuendelea kujibu.

Umeuliza pia maswali yasiyo na majibu mtu anaishi nayo vipi. Hapa usiyaweke yote kapu moja. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, sultani wa pale alikuwa na nywele ngapi kichwani asubuhi ile? Jibu lipo, ni namba kamili, na hakuna mtu atakayeijua mpaka mwisho wa dunia, na hilo halimkoseshi mtu usingizi. Kuna maswali mengine yametegwa, kama ukimuuliza mtu asiyeiba "umeacha lini kuiba", hilo halihitaji jibu, linahitaji kurudishwa kwa mwenyewe. La jamaa yako liko karibu na hayo, limekataza kila jibu kabla hujafungua mdomo halafu linakulaumu kwa kukaa kimya. Halafu kuna yale ambayo kiukweli ni makubwa na hayajategwa, kama lile la mwanafalsafa Mjerumani Leibniz la mwaka 1714, kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu kabisa. Kant, Mjerumani mwingine, alikifungua kile kitabu chake kikubwa cha 1781 kwa kusema hiyo ndio hali ya akili ya binadamu, inasumbuliwa na maswali ambayo haiwezi kuyakwepa kwa sababu ni yake yenyewe, na haiwezi kuyajibu kwa sababu yanaizidi uwezo. Hayo mi naishi nayo kama mtu anayeishi karibu na bahari, haijai kwenye ndoo, ila unaisikia usiku na siku nyingine unaenda kuitazama. Yananifanya niwe na adabu zaidi mbele ya mambo. Swali ambalo linakufanya ukate simu ya mzazi wako sio la aina hiyo, au hata kama ni la aina hiyo, limekukuta katika hali mbaya.

Ndio tumefika kwenye ile sehemu niliyokuomba usiiruke. Mimi ni mwalimu wa falsafa, sio daktari, ila nimeona wanafunzi wa kutosha kujua kwamba kuna kusumbuliwa na swali na kuna kuumwa kupitia swali. Angalia haya. Je, wazo linakuja hata ukiwa hulitaki, kila siku, masaa mengi? Je, unatafuta jibu, ukilipata unatulia dakika kumi halafu shaka inarudi upya na unaanza tena? Je, kuna wakati unajihisi kama uko nyuma ya kioo, watu wako mbali, sauti yako mwenyewe unaisikia kama ya mwingine, dunia kama sinema? Usingizi umevurugika zaidi ya wiki mbili? Umeacha kula, umeacha vipindi? Kama unajibu ndio kwa kadhaa hapo, hiyo ni hali inayojulikana kwa madaktari, ina majina na ina tiba, mara nyingi ya mazungumzo na mara nyingine dawa juu yake, na watu wanapona. Na ujue kwamba katika hali hiyo kutafuta jibu ndio kunailisha, kila ukibishana nayo inapata nguvu ya kurudi, kwa hiyo hata haya niliyoandika hapa usiyasome mara ishirini kujituliza. Soma, funga, nenda kwa mtu.

Anzia kituo cha afya cha chuo au ofisi ya ushauri nasaha, waambie kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, usiseme tu "nina stresi". Wakikupa rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili hospitalini, nenda, haimaanishi umekuwa kichaa. Kama kuna bangi au kitu kingine unatumia waambie ukweli, maana inaweza kuchochea hasa hiyo hali ya dunia kuonekana sio halisi. Na kama imefika mahali unasikia sauti, au umeanza kuwaza kwamba kwa kuwa hakuna kitu halisi basi hata kujidhuru sio shida, hiyo ni ya leo, usisubiri kesho, mwamshe hata huyo jamaa akusindikize hospitali usiku huu. Kiongozi wako wa dini nae unaweza kwenda kwake akakushika mkono, ni vizuri, ila asiwe badala ya daktari.

Na usione aibu. Hume mwenyewe, kijana wa kama miaka 18, alisoma na kuwaza mpaka akaugua, na mwaka 1734 akaandika barua ndefu kumweleza daktari hali yake ilivyokuwa. Humo anasimulia kwamba kabla ya hapo tabibu alishamwambia ana ugonjwa wa wasomi, akampa dawa chungu na kumwambia awe anapanda farasi kila siku. Na aliponaswa tena na mashaka yake, kwenye kitabu chake cha kwanza ameandika alichofanya, alikula chakula, akacheza mchezo wa meza na rafiki zake, wakaongea wakafurahi, na baada ya masaa matatu manne akirudi kuzitazama zile fikra anaziona za baridi na za kulazimisha, hana hamu ya kuendelea. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anairudisha akili yake mahali ilipotengenezwa, ambapo ni kati ya watu.

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Jamaa yako mwambie kwa upole kwamba mada hiyo imefungwa mpaka utakapolala vizuri, kama ni rafiki ataelewa, na sidhani kama alikusudia kukuumiza. Kachukue miadi kituo cha afya. Jioni shuka uwanjani hata kama ni kutazama wanaocheza, ule na watu, usile peke yako chumbani.

Na mama mpigie leo. Usimpime, usisikilize kama kuna mtu ndani ya sauti. Mwambie samahani simu ilikatika, halafu muulize yule mtoto wa mbuzi aliyekuwa dhaifu kama ameanza kunyonya.